Uchambuzi wa kisa: Gari la dizeli lisilokula mafuta na safari ya kilomita 7

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya familia yenyewe. Majina, mtaa, aina ya gari na gereji zote nimeviondoa. Miezi, kilomita na fedha nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari la gari, daftari la shule la kurasa 48 linalokaa chini ya kiti cha mbele. Mimi nafundisha ufundi wa magari, na niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Wenyewe nitawaita Baba K na Mama K.

Familia na gari lililotangulia

Watu watano, Dar es Salaam. Baba K ni mwajiriwa wa ofisini, Mama K anafanya biashara na ana mradi wa kuku wa mayai Kibaha. Nyumbani hadi shule ya watoto ni kilomita 3, shule hadi ofisini kwa Baba K kilomita 4. Asubuhi kilomita hizo 7 huchukua dakika 45, mvua ikinyesha hata saa nzima. Mama K hurudi na gari, mchana anafuata watoto, jioni anamfuata mumewe. Kwa mwezi jumla ni kama kilomita 600, karibu zote za kusogea na kusimama.

Gari la zamani lilikuwa la petroli, injini ya sisi (cc) 2,000, na kwenye foleni lilikwenda kilomita 8 kwa lita. Lilikuwa halisumbui. Lilikuwa tu linakunywa, na Mama K ndiye aliyekuwa akisimama sheli.

Hesabu ya kununua

Mwaka 2023 waliamua kuagiza gari kutoka Japani: la familia, dogo kiasi, dizeli ya sisi 1,500 yenye tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), la mwaka 2016, likiwa limetembea kilomita 88,000. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha, na wanafunzi wangu huwa nawaambia wauheshimu kabla ya kuanza kuukosoa.

Kwanza ushuru. Gari likishatimiza miaka 8 tangu litengenezwe, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu. La 2016 lilipita chini ya mstari huo. Injini iliyozidi sisi 1,000 lakini isiyozidi 2,000 nayo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ikizidi hapo ni asilimia 10. Wangechukua dizeli kubwa ya sisi 2,200 waliyoipenda kwanza, wangelipa zaidi bandarini na zaidi kwenye kila spea.

Pili mafuta. Wengi hudhani dizeli ni nafuu kwa sababu lita yake ni rahisi. Kwetu si hivyo kila mwezi. Oktoba 2023 bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,281 kwa petroli na 3,448 kwa dizeli. Unafuu uko kwenye idadi ya lita. Gari la zamani lilihitaji lita 75 kwa kilomita 600, sawa na shilingi 246,000 na ushee. Hili jipya, kwa kilomita 15 kwa lita, lilihitaji lita 40, kama shilingi 138,000. Tofauti ni shilingi 108,000 kwa mwezi, na Baba K aliipigia mstari mara mbili.

Tatu, moshi. Mtoto wao wa pili ana pumu, na Mama K hakutaka gari la kutoa wingu jeusi. Muuzaji aliwahakikishia kwamba hili ni la hewa safi, na hakudanganya. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.65 za kaboni dayoksaidi, ya petroli kilo 2.3. Kwa ulaji wa magari haya mawili, la zamani lilitoa gramu 290 hivi kwa kilomita, jipya gramu 177. Masizi nayo hunaswa na chujio lililoko kwenye ekzosi, ambalo mafundi wote wanaliita DPF na mimi nitaliita hivyo hivyo.

Katika kurasa zote za daftari, hakuna mahali walipojiuliza gari litakuwa linatembea kwa muda gani bila kusimama.

Agosti 2023 hadi Machi 2024

Gari lilitoka bandarini mwishoni mwa Agosti. Septemba walibadilisha oili kwenye gereji ya jirani, wakawekewa 15W-40 ya dizeli, ile ya kawaida inayowekwa kwenye Canter na Hiace. Fundi akasema itakwenda kilomita 7,000.

Desemba walikwenda Moshi. Kilomita 550 hivi, Chalinze, Segera, Korogwe wakasimama kula, Same, Himo, hadi nyumbani. Gari lilitumia lita 27 kwenda, yaani kilomita 20 kwa lita, likiwa na watu watano, mizigo na ndoo ya samaki. Kupanda kuelekea Same lilivuta kama halina mzigo. Baba K alirudi Januari akiwa mhubiri wa dizeli; shemeji yake mmoja nusura aagize kama hilo.

Hiyo safari ndiyo iliyoficha tatizo. DPF hukusanya masizi, na ili yasijae lazima yaungue yawe majivu kidogo. Barabara kuu, injini ikiwa ya moto na mwendo umetulia, sehemu ya masizi huungua yenyewe. Mjini moshi unapoa mno, hivyo kompyuta ya gari hulazimika kuchoma kwa makusudi. Inanyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda mlipuko ukiwa umeshapita, ili mafuta yale yakaungue ekzosini na kupandisha joto hadi kama nyuzi 600. Kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 za kuendesha bila kukatishwa. Kilichorundikana tangu Septemba kiliungua njiani kati ya Chalinze na Same, na gari likarudi Dar likiwa jepesi.

Shule zikafunguliwa. Kuanzia katikati ya Februari Mama K alianza kuona vitu na kuviandika bila kujua ni vya nini: "Feni inalia hata nikizima." "Sailensi iko juu leo." "Harufu ya kitu kinaungua, nikadhani ni la jirani." "Mafuta yameisha mapema." Sailensi ni mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kila moja ya dalili hizo ni gari lililokuwa katikati ya kuchoma masizi, likazimwa getini kwa shule.

Aprili: taa

Aprili 2024, masika yamekolea, foleni zikawa mbaya kuliko kawaida. Tarehe 9 taa ya DPF iliwaka ya njano bila kupepesa. Kitabu cha gari, kilichokuwa cha Kijapani na kimelala kwenye droo ya dashibodi, kinasema hapo mwenye gari aliendeshe kwa mwendo mzuri dakika 15 hadi 20 mpaka taa izime. Hakuna aliyejua hilo. Siku tatu baadaye taa ikaanza kupepesa, na taa ya injini ikaungana nayo.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine, akafuta kosa, akachukua shilingi 30,000. Taa zilirudi baada ya siku nne, na sasa gari likawa zito: linakanyagwa, halivuti, halipiti mizunguko 2,500. Gari lilikuwa limejizuia lenyewe lisijiumize.

Fundi wa pili alisoma kosa likataja sensa ya mgandamizo wa DPF, ile yenye mipira miwili midogo inayopima moshi kabla na baada ya chujio. Akasema sensa imekufa. Baba K akanunua iliyotumika Ilala, shilingi 150,000 na hela ya ufundi humo humo. Hakuna kilichobadilika. Fundi akafikiri, akaja na pendekezo ambalo kila mwenye dizeli ya kisasa mjini hapa ameshalisikia:

"Mzee, hii DPF ni mambo ya Ulaya. Kwetu huku haina kazi. Tuikate, tuchomelee bomba tupu, kompyuta tuifunge isiiulize tena. Laki mbili na nusu, unasahau kabisa."

Baba K akamwambia, "Ngoja nikaongee na mama watoto."

Kijiti

Usiku ule Mama K alifungua boneti. Anasema alitaka tu kujua kama oili ipo, kwa sababu baba yake alikuwa dereva wa lori na hilo ndilo alilomfundisha. Alichomoa kijiti, akafuta kwa karatasi, akachomeka tena, akachomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, F, imepanda hadi juu ya alama nyingine ambayo hakuwahi kuiona kwenye gari la petroli: herufi X. Tena haikushika kijiti kama oili. Ilitiririka.

"Oili ya gari huwa inaongezeka?" akamuuliza mumewe.

"Haiongezeki. Labda fundi kaongeza."

Akanusa karatasi. "Basi kama kaongeza, kaongeza dizeli. Hii inanukia sheli."

Hapo ndipo waliponipigia simu, nami nikawaambia kitu kimoja tu: gari lisiwashwe tena, na lisikatwe kitu.

Kila gari lilipojaribu kuchoma masizi likazimwa njiani, ile dizeli ya ziada iliyonyunyizwa ilikuwa imeshalowanisha kuta za silinda, ikapita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mara moja si kitu. Mara arobaini, oili inakuwa nyepesi na inajaa. Alama ya X waliiweka watengenezaji kwa ajili ya hali hiyo hasa: oili ikifika hapo, imwagwe, hata kama ilibadilishwa wiki iliyopita.

Kwa nini hawakukata

Baba K alielekea kukubali kukata. Alikuwa amechoka, na laki mbili na nusu ilionekana kama mwisho wa safari. Tulikaa sebuleni kwao tukalijadili, na sababu zilizoshinda zilikuwa tatu, ingawa hazikuwa na uzito sawa.

Ya kwanza ni kwamba kukata kusingegusa oili. Injini ingeendelea kuzunguka kwenye mchanganyiko wa oili na dizeli, na tabo, ambayo shafti yake inaelea juu ya oili tu, ndiyo ingekuwa ya kwanza kufa.

Ya pili ilikuwa ya Mama K, na aliisema mara moja: walinunua gari hili kwa sababu ya mtoto. Dizeli iliyokatwa DPF hurudi kutapika masizi yale yale, na anayeyavuta ni aliye nyuma kwenye foleni au amesimama getini kwa shule. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu Juni 2012. Kuhusu "mambo ya Ulaya", gari lenyewe limetoka Japani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yalizuiwa kuingia jijini humo mpaka yafungwe chujio.

Ya tatu ni bei ya kuuza baadaye. Ni kweli, lakini ilitajwa tu tukiwa tunasimama kuondoka.

Gereji ya tatu

Gari lilivutwa hadi kwa fundi ninayemwamini. Baba K alitarajia achomeke kompyuta na kuamuru gari lijichome palepale gereji. Fundi alikataa mpaka amwage oili, na kukataa kwake ni somo ninalolirudia kila muhula. Kuchoma kwa lazima hupandisha joto la ekzosi gari likiwa limesimama. Sampu ikiwa imejaa dizeli, mvuke na matone yake yanaweza kunyonywa kupitia mrija wa upumuaji hadi kwenye hewa inayoingia injini, na injini ya dizeli haijali mafuta yametoka wapi. Ikianza kujilisha kwa sampu, huizimi kwa ufunguo. Inapanda mizunguko yenyewe mpaka ivunjike au ikose hewa.

Alimwaga. Sampu ya lita 5 ilitoa lita 6 na nusu. Akaweka oili ya bei rahisi ya kusafishia, akaendesha kidogo, akamwaga tena, ndipo akaweka oili yenye majivu machache, ya daraja la DL-1, inayotakiwa kwa injini hii. Inauzwa karibu mara mbili ya ile 15W-40. Oili ya kawaida ina viungo ambavyo vikiungua huacha majivu yasiyoungua tena, na majivu hayo makazi yake ni DPF.

Kisha akarudisha sensa ya zamani na kulinganisha. Zote mbili zilisoma sawasawa. Sensa ya kwanza ilikuwa nzima siku zote; ilikuwa inasema kweli. Gari likiwa sailensi mgandamizo ulikuwa kilopaskali 2.5, kwenye mizunguko 3,000 ulifika 18. Alifungua DPF, akaiosha kinyumenyume kwa dawa na maji. Mwanzoni yalitoka meusi kama wino, baadaye yakawa ya kijivu kama maji yaliyooshea jiko la mkaa. Akasafisha na vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ambayo tundu lake lilikuwa limebaki upana wa penseli. Baada ya kufunga, vipimo vikawa 0.6 na 5. DPF mpya ingesoma chini ya hapo, lakini hii ilikuwa imeshatembea zaidi ya kilomita 94,000.

Matokeo

Gharama yote, kuanzia fundi wa kwanza: 30,000 kufuta kosa, 150,000 sensa isiyohitajika, 360,000 oili na filta kwa awamu mbili, 350,000 kufungua na kuosha DPF, 120,000 EGR, 60,000 gasketi na vikorokoro. Jumla 1,070,000. Akiba ya mafuta kutoka Septemba hadi Aprili, kwa ile hesabu ya Oktoba, ilikuwa kama 865,000. Miezi minane ya gari lisilokula mafuta iliishia kwenye hasara ya laki mbili na kidogo.

Tangu hapo taa haijawaka. Kilichobadilika zaidi ni ratiba. Mayai ya Kibaha yalikuwa yakiletwa mjini na gari la kukodi. Sasa Mama K anayafuata mwenyewe Jumamosi saa 12 asubuhi, barabara ikiwa bado tupu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu saa ya mwendo uliotulia kila upande, na gari hujichoma humo humo. Nauli ya kukodi imeokolewa, kwa hiyo safari haiwagharimu kitu. Oili wanabadilisha kila kilomita 5,000, na sailensi ikiwa juu hawazimi gari getini: wanazunguka.

Uchambuzi

Lawama ya kwanza ya Baba K ilikuwa mafuta machafu, na ndiyo lawama ya kila mtu. Hapa siikubali. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015, na kilichokuwapo gari hili lilipoharibika, kilikuwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani ni 10, kwa hiyo yetu ilikuwa chafu zaidi, lakini gari lililokwenda Moshi na kurudi kwa mafuta hayo hayo bila kukohoa halikuuawa na sheli. Liliuawa na kilomita 7.

Hesabu ya kununua ilikuwa nzuri kwa kile ilichohesabu. Ushuru, lita, bei, hata moshi. Iliacha swali moja ambalo kwa dizeli yenye DPF linatangulia yote: kwa wiki, ni mara ngapi gari hili litakwenda dakika 20 mfululizo bila kusimama? Jibu la familia hii lilikuwa sifuri. Wangeniuliza Julai 2023, ningewaambia wachukue petroli ya sisi 1,300 au haibridi, na wangeokoa kidogo kwa mwezi lakini pasingekuwa na Aprili. Mwenye safari ya kila siku ya Kibaha au Bagamoyo ningemwambia kinyume.

Fundi wa kwanza simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kufuta kosa bila kusoma kiwango cha masizi, ambacho mashine ile ile ingemwonyesha. Fundi wa pili aliona jina la sensa kwenye kioo akalichukua kuwa ndilo tatizo. Hilo ni kosa la kawaida mno: mashine hutaja aliyeona jambo, na sisi tunamkamata shahidi. Dakika tano za kubadilishana sensa, kama alivyofanya wa tatu, zingeokoa 150,000.

Kilichofanya kazi kilianza kwa bahati. Gari lilijizuia kuvuta kabla oili haijawa maji kabisa, na tabo ikapona. Tulipolichunguza shafti lake halikuwa na mchezo. Lakini kijiti hakikuwa bahati. Mama K ndiye pekee, kati ya watu sita waliogusa gari lile mwezi ule, aliyepima oili, na alipima kabla hajasoma chochote kuhusu DPF. Yale maandishi yake ya Februari, feni, sailensi, harufu, ndiyo yaliyotuwezesha kupanga tatizo lilianza lini. Huwa nawapa wanafunzi ukurasa ule nikiwa nimefunika tarehe za Aprili, na kuwaambia waseme gari lina nini. Zaidi ya nusu hupata.

Jambo moja bado halijatulia. DPF iliyooshwa ina umri wake, na majivu ya kilomita 94,000 hayatoki yote. Fundi anakadiria itaoshwa tena au kubadilishwa kabla gari halijafika kilomita 150,000, na Baba K ameanza kutenga 30,000 kila mwezi kutoka kwenye ile akiba. Kwa hiyo unafuu wa kweli wa gari hili si 108,000, ni kama 70,000 ukitoa na tofauti ya bei ya oili. Shemeji alipoambiwa hivyo aliagiza petroli.

Mara ya mwisho nilipoliona daftari, mstari wa chini ulikuwa na mwandiko wa Mama K: "Jumamosi. Kibaha. Trei 14. Kijiti chini ya F kidogo. Harufu ya oili."